Mfereji wa Upana wa Mita Moja

Kuna watu katika kitongoji kimoja, njia ya kwenda Kaole, ambao mpaka leo wakiniona nateremka kwenye bodaboda wanaanza kucheka kabla hata sijawaamkia, na mimi nacheka nao, kwa sababu siku nikinuna ndiyo nimekwisha. Jina la kitongoji silitaji (wenyewe wanajijua, na mimi nina kazi ya kuilinda), lakini aibu yenyewe ni yangu na nitaisimulia yote, maana nimechoka kuwasikia wenzangu wa ofisini wakiisimulia vibaya na kuongeza chumvi, eti nililia mbele ya watu. Sikulia. Lile lilikuwa jasho, na jua la Bagamoyo mnalijua.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Naitwa Edina, nimezaliwa Njombe, kwetu watu wanavaa makoti mwezi wa sita, na kazi yangu ni mipango miji, yaani mimi ndiye yule mtu anayeinamia ramani akisema hapa ipite barabara, hapa likae soko, hapa yapite maji ya mvua, halafu anaanza kuhangaika fedha itoke wapi na itoke lini, kwa sababu mji haujengwi kwa mkupuo, unajengwa kwa awamu, na kila awamu ina mfuko wake, na kila mfuko una masharti yake utadhani mama mkwe. Kazi hiyo naiweza. Nasema bila kuona haya, naiweza sana, na hata siku ile ya mkasa kila hesabu niliyoisema ilikuwa sahihi. Kilichoniangusha ni neno moja tu.

Tulikuwa tumemaliza mpango wa muda mrefu wa mji, ule wa miaka ishirini, na kwa bahati njema awamu ya kwanza ilikuwa imeshapata fedha, ila fedha yenyewe ilikuwa ya mkopo na imefungiwa kazi moja, kuyaondoa maji ya mvua kwenye makazi ya watu. Huwezi kuichukua ukanunulia madawati, huwezi kuichimbia kisima, ni maji ya mvua na basi. Na sharti jingine lilikuwa wananchi wenyewe wakubali kwenye mkutano wa hadhara, kwa kunyoosha mikono, kuachia kipande cha mbele ya nyumba zao ili mtaro upite. Kitongoji kikikataa, au kikivutana mpaka muda wa bajeti ukapita, fedha inahamia kitongoji kingine, na wao wanasubiri awamu ya pili, ambayo kusema kweli hata mimi niliyeiandika sikuwa najua itakuja lini.

Sasa mimi sikutaka kitongoji kile kikose. Wakati wa kupima nilikuwa nimeingia nyumbani kwa dada mmoja anaitwa Zuhura, muuza vitumbua, anakaa kule bondeni na mama yake mgonjwa. Masika iliyopita ukuta wao wa nyuma ulianguka. Kitanda amekipandisha juu ya matofali, na ukutani kuna mstari wa tope unaonifika kiunoni, na mimi si mfupi. Zuhura alinipa kitumbua akaniambia, "Dada, mvua ikianza usiku mimi silali, nakaa namshika mama." Nilitoka pale nikajiapia kwamba mtaro huu utapita hapa hata kama nitauchimba mwenyewe.

Ikafika siku ya mkutano. Niko kwenye gari la ofisi, kiti cha nyuma, naipitia hotuba yangu, na ghafla nikaanza kuona haya. Kila mstari mitaro, mitaro, mitaro. Nikakumbuka mkutano wa mwanzo, niliposema "hii maji" (huko kwetu tunasema hivyo na maji yanatuelewa), bibi mmoja akanirekebisha palepale mbele ya watu, "Haya maji, mwanangu, maji ni mengi," na uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu wa pwani mtu akiharibu Kiswahili wanaumwa kabisa, wanamwangalia kwa huruma kama amekuja bila viatu. Nikasema leo hawanicheki. Neno mtaro nikaliona la koleo na vibarua, halina heshima. Mfereji! Hilo ndilo neno la vitabuni. Nikatoa kalamu nikafuta mitaro yote, na mahali pa "mitaro ya maji ya mvua" nikafuta mpaka na hayo maji ya mvua, nikaona yanarefusha sentensi bure.

Mkuu wangu, Bwana Lusajo, mtu wa Mbeya, aliyekaa mbele, akageuka. "Edina, hotuba imeshapitishwa hiyo, unachezea nini?"

"Naipaka rangi kidogo tu, bosi."

Ningekuwa na akili ningemwuliza mtu. Dereva wetu alikuwa mzaliwa wa palepale, ningesema tu kaka hebu sikia, mfereji kwenu ni kitu gani, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini mimi nilikuwa najisikia nimeiva, nikakunja karatasi nikaanza kujitazama kwenye kioo.

Mkutano ulifanyika mbele ya nyumba ya Bi Mwanahamisi, kwa sababu uwanja ule ndio mkubwa na baraza lake ndilo refu kuliko yote. Bi Mwanahamisi ni mjane, mtu mzima, na baraza lile alilijenga marehemu mumewe kwa mikono yake, likasakafiwa vizuri, jioni wanawake wa jirani wanalijaza wakisukana na kusema watu. Huyu bibi hana cheo chochote, lakini akipiga makofi kitongoji kizima kinapiga, na akiguna kila mtu anaguna. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Sefu, mwenyewe kabla hajafungua mkutano alimtazama kwanza yeye.

Nikashika maiki. "Shikamooni wazee wangu!" Marahaba ikarudi nzito. Nikaeleza mpango, nikaeleza awamu, nikawaona wanapiga miayo, ndipo nikafika pale.

"Na katika awamu hii ya kwanza, ndugu zangu, tumewaletea mifereji!"

Bi Mwanahamisi akasimama pale barazani, akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika mpaka mjini. Wanawake wote wakafuata. Jamani, mimi katika kazi yangu sijawahi kuona mtu anashangilia mtaro! Watu huwa wanauliza fidia, wanauliza miti yao, wananuna. Nikasema moyoni, unaona, neno zuri lile, limewaingia.

Kichwa kikanivimba. "Mifereji mbele ya kila nyumba!" Vigelegele. "Siyo ile midogo midogo ya kuziba kila siku. Upana wa mita moja!"

Hapo wakatazamana. Mzee mmoja akapima mita kwa mikono yake miwili, akamwonyesha mwenzake, mwenzake akatikisa kichwa akasema, "Serikali imeamua."

Maswali yakaanza, na nawaomba myasikilize vizuri maswali yale, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi mno na kila mara naona mlango wa kutokea ulikuwa wazi na mimi nikaupita.

"Bibie," akauliza mama mmoja mwenye kanga ya buluu, "funguo atakaa nazo nani? Maana tusije tukanyimwa na mtu."

Mimi nikafikiri anaogopa tutafunika mitaro na kuitia kufuli. "Hakuna funguo, mama. Utakuwa wazi mchana na usiku." Vigelegele.

"Na maji yatakuwamo wakati wote?"

"Hapana, nisiwadanganye," nikasema (mimi na ukweli wangu), "masika yatakuwa mengi, kiangazi utakauka kabisa."

Wakaitikia kwa vichwa, wala hawakukasirika. "Hata huko mjini ndivyo," akasema mwingine, "mgao uko kila mahali."

Mgao! Mtu anasema mgao wa maji ya mtaro na mimi nipo tu, natabasamu, namtazama bosi kwa jicho la pembeni aone ninavyoupeleka mkutano. Na bosi anatabasamu pia, maana Mbeya na Njombe hatukujua, sote wawili tulikuwa wageni wa neno lile.

Nikaona chuma ki moto. Nikasema mifereji inataka nafasi, inapita mbele ya nyumba, kwa hiyo naomba anayekubali kuachia kipande chake anyooshe mkono. Mikono yote ikapanda, mingine miwili miwili, mpaka Zuhura aliyesimama pembeni na beseni lake la vitumbua akanyoosha. Mzee Sefu akatangaza limepita. Na mimi pale ndipo ningeshukuru nikakaa. Lakini nilikuwa nimenogewa, nikasema, "Hata hili baraza zuri la bibi yetu, itabidi siku moja litupishe."

"Siku moja ya nini?" akasema Bi Mwanahamisi. "Mwanangu, mimi maji nanunua ya madumu kwenye mkokoteni tangu magoti yaliponikatalia kisima. Livunjeni leo! Marehemu angekuwepo angeanza yeye."

Sikuisikia hiyo habari ya madumu. Yaani masikio yaliisikia, kichwa kilikuwa kinasikiliza vigelegele. Wanaume wakacheka, mmoja akaingia uani akatoka na nyundo kubwa, mwingine mtaimbo, na kwa shangwe, huku wanawake wanaimba, baraza likapigwa pale pale, pande la kwanza, pande la pili, vumbi likapanda, na Bi Mwanahamisi anapiga makofi machozi yakimlengalenga. Mimi, ndugu yenu, nilipiga picha. Picha ninayo, sijaweza kuifuta wala kuitazama.

Vumbi lilipotulia, Mzee Sefu akaomba swali la mwisho, akauliza yeye mwenyewe, taratibu, kwa sababu ndiye pia mwadhini wa msikiti wao. "Afisa, tutautia na mmoja pale msikitini. Ila nilitaka nijue, maji yake yatakuwa safi ya kutawadhia?"

Nikacheka! Nilidhani mzee ananitania. "Mzee wangu, utawadhie maji yale? Maji yanatoka barabarani, yana takataka na mafuta ya bodaboda, hata mbuzi usimpe! Yale ni ya kwenda baharini tu."

Nilicheka peke yangu.

Bi Mwanahamisi akaja mpaka mbele yangu, akipita juu ya vifusi vya baraza lake. "Ati maji gani?"

"Ya mvua, Bi."

"Si ulisema mfereji?"

"Ndiyo, Bi. Mfereji."

Akainua mkono, akashika hewa kwa vidole vyake, akazungusha kiganja polepole, vile mtu anavyofungua koki. "Mfereji ni huu," akasema. "Sisi hapa, na ndugu zetu wa Unguja, maji ya mfereji ni haya ya kufungua yakatoka, nyinyi mnayaita ya bomba. Hilo shimo lako linaitwa mtaro."

Nilikitazama kile kiganja nikaielewa siku yangu yote kwa mara moja, funguo, mgao, mita moja, jamani, walifikiri naleta bomba la upana wa mita moja! Nikageuka kumtazama Bwana Lusajo, bosi yuko anachunguza viatu vyake. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mimi nilijua ni mtaro, ila nikaona watu wamefurahi, nikasema labda na maji wameongeza," na hapo ndipo palipolipuka. Wengine wanacheka mpaka wanakaa chini, wengine wanafoka kwamba tumetapeliwa, na yule mama wa kanga ya buluu anapiga kelele, "Tunarudisha mikono yetu! Rudisheni mikono!" Mzee Sefu anasema mikono ikishanyooshwa hairudi, wao wanasema inarudi, mmoja akaushusha mkono wake kwa vitendo kabisa, kana kwamba alikuwa ameuacha juu.

Kwa kweli nilitaka kukimbilia garini. Gari liko karibu, dereva ameshawasha (yule dereva alikuwa anacheka analalia usukani, sijamsamehe). Kilichonizuia ni Zuhura. Alikuwa bado pembeni, hasemi kitu, hacheki wala hafoki, ameshika beseni lake kwa mikono miwili na ananitazama. Wenzake wote siku ile walikuwa wanapoteza maji ambayo hawakuwa nayo. Yeye alikuwa anapoteza mtaro. Nikaona kama mikono itarudi, usiku wa mvua ijayo dada huyu atakaa tena amemshika mama yake, na itakuwa kwa sababu mimi nilitaka kusema neno zuri.

Nikashika maiki tena. "Nimekosea neno," nikasema. "Nilitaka kusema Kiswahili kizuri kuliko changu, basi nimewavunjia watu baraza. Nichekeni tu, ni haki yenu. Lakini kazi sijaikosea. Fedha hii ni ya mitaro peke yake, mkiirudisha haigeuki ikawa bomba, inapanda gari inakwenda kwa wengine. Maji ya bomba yamo kwenye mpango, awamu ya pili, nimeyaweka mwenyewe, ila sina fedha yake na sina tarehe, na leo sitawaahidi tena kitu nisichonacho. Nawaomba mtaro usirudi."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wote wakamgeukia Bi Mwanahamisi, kwa sababu wengine walikuwa wametoa mkono tu, yeye alikuwa ametoa baraza. Akakaa juu ya kipande cha sakafu kilichobaki, akajifuta vumbi usoni kwa upande wa kanga.

"Zuhura," akaita. "Masika ile maji yalikufika wapi?"

Zuhura akatua beseni chini, akaweka mkono kiunoni.

Bi Mwanahamisi akautazama ule mkono muda. "Haya," akasema, "mtaro upite." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe bibie, sikutukani, wewe ni mtoto wa watu. Ila umesema mfereji wangu umo kwenye mpango. Basi kila mwaka, mkishagawana fedha zenu huko, utakuja usimame hapahapa mbele ya watu utuambie mfereji umefika wapi. Hutumi barua, hutumi mtu. Unakuja wewe."

"Nitakuja, Bi."

"Sema mbele ya watu."

Nikasema mbele ya watu. Tukarudia kura, na safari hii nilisema mtaro, mtaro wa maji machafu ya mvua, maji yasiyonyweka, nikachora na umbo lake kwenye mchanga kwa fimbo ya Mzee Sefu. Mikono ilipungua. Ilitosha.

Mtaro ulijengwa. Masika iliyofuata nilikwenda mvua ikinyesha, na mwavuli wangu, nikasimama kwenye mlango wa Zuhura nikayatazama maji yakipita pembeni kwa kelele yakielekea baharini, na mama yake alikuwa amelala. Kitanda bado kilikuwa juu ya matofali. Zuhura alisema atakishusha akishazoea. Mbele ya Bi Mwanahamisi nilimganda injinia mpaka akaweka mfuniko wa zege mrefu kuliko ulio kwenye mchoro, ili wapate pa kukaa, na wanakaa, ingawa yeye mwenyewe analalamika kwamba zege la serikali mchana linaunguza makalio na halina mgongo wa kuegemea, na kila akilalamika naona ana haki.

Na mimi nakwenda. Kila mwaka bajeti ikishapita nateremka pale, wanakusanyika (wanakusanyika wengi kuliko mikutano ya kawaida, naambiwa wengine wanatoka vitongoji vya jirani kuja kuona), nasimama mbele ya mfuniko ule nasema mfereji umefika wapi. Mwaka wa kwanza nilisema umo kwenye karatasi tu. Mwaka wa pili nilisema wapimaji wamepita, na hilo walikuwa wanalijua, wapimaji waliuziwa vitumbua. Mwaka huu nimesema fedha imeombwa na haijajibiwa, na mama wa kanga ya buluu akauliza imeombwa kwa Kiswahili gani.

Basi somo langu ndilo hilo, nalitoa bure. Siku hizi kabla sijaandika neno kwenye mpango wowote nakaa na wenye mahali pao nawauliza, hiki kwenu mnakiitaje, na wakinicheka nawaacha wamalize. Sitakipandisha tena Kiswahili changu mbele ya watu wa pwani mpaka nazikwa. Na mfereji wa Bi Mwanahamisi nitaufikisha, wakubwa wangu wanajua sasa wakiniona na faili lile wanapishana mlangoni, kwa sababu mwaka huu nilipomaliza kusema haijajibiwa, watu wote walicheka isipokuwa yeye. Aliniuliza tu, taratibu, kama nadhani mfereji utamkuta yu hai.

Nikamwambia utamkuta. Nilikuwa nimeapa kutoahidi kitu nisichonacho, na nikamwahidi.